Mpwa wangu kaniuliza: "Kumbe Rihanna alikuwa anaimba?" Hivi nyota wetu hawa watoto wanawaonaje?

Kanda Mbovu (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, ataukuta akirudi.

Juzi jioni nimekaa na mpwa wangu, ana miaka 14. Yeye na simu yake, mimi na yangu. Kwenye spika nimeweka nyimbo zangu za miaka ile, ikaingia ngoma ya Rihanna ya 2007, ile ya mwavuli. Kwenye kiitikio akainua kichwa. "Mjomba, huyu nani?" Nikamtajia. Akaniangalia kama mtu anayehisi anadanganywa. "Rihanna wa vipodozi? Kumbe alikuwa anaimba?"

Nilicheka. Baadaye nikapiga hesabu, kicheko kikaisha. Albamu yake ya mwisho ilitoka Januari 2016, huyu binti alikuwa bado anafundishwa kufunga kamba za viatu. Kampuni ya vipodozi ikaanza Septemba 2017, na ile faundesheni ya rangi 40 iliyofanya kila mtu aseme hatimaye kapata ya ngozi yake. Tangu mtoto huyu aanze kujua watu maarufu ni kina nani, Rihanna hajatoa albamu hata moja. Sasa mimi nimlaumu kwa lipi?

Najua mtasema mbona mwaka 2023 aliimba kwenye Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, tena mjamzito, hakualika mgeni hata mmoja jukwaani. Nilimuuliza. Klipu aliyoiona ni ile sekunde chache alipopokea kikopo cha poda katikati ya shoo, akajipaka, akarudisha, akaendelea. Basi hata Super Bowl nzima imemfikia kama tangazo la poda.

Hoja yangu ni hii. Sisi wahenga tuna kilio kimoja, kwamba kizazi hiki kinasahau, hakina heshima kwa wakongwe. Mimi nakataa neno kusahau. Huwezi kusahau kilichotokea kabla hujazaliwa. Hawa wanaingia kwenye nyumba ya msanii kwa mlango walioukuta wazi siku waliyofika. Tatizo letu tunadhani mlango tulioingilia sisi ndio wa mbele, na mingine yote ni ya uani.

Chukua Mariah Carey. Kwangu mimi ni sauti ya miaka ya 90, zile noti za juu ambazo tukijaribu kuzifuata tunakohoa. Kwa mpwa wangu ni yule mama wa Krismasi. Wimbo wenyewe ulitoka 1994, ukafika namba moja kwenye chati ya Hot 100 ya Marekani Desemba 2019, miaka 25 baadaye. Kabla ya hapo alishakuwa na namba moja 18 kwenye chati hiyohiyo. Kumi na nane! Mtajie mtoto wa leo hata mbili kati ya hizo uone atakavyokukodolea macho.

Halafu Kate Bush, mwimbaji wa Uingereza. Wimbo wa 1985 ukawekwa kwenye tamthilia ya Netflix mwaka 2022, Juni hiyohiyo ukawa namba moja Uingereza. Miaka 37 tangu utoke. Kuna kitu hapa wengi hawakijui: kwa kanuni za chati ya Uingereza, wimbo uliopitwa na wakati ukisikilizwa mtandaoni unahesabiwa kwa kipimo cha nusu, ili nyimbo mpya zipate nafasi ya kupumua. Ilibidi watunza chati waupe wimbo huu msamaha uhesabiwe kama mpya. Yaani hata wenye kanuni walikubali kwamba kwa wasikilizaji wale ulikuwa umetoka jana.

Na kweli mitandaoni kulikuwa na watoto wanaandika "huyu dada mpya anaimba vizuri". Dada mpya alikuwa na miaka 63 na namba moja yake ya kwanza ni ya 1978.

Tiririkeni. Ninyi mmekutana na nini?

---

Kimya Kingi

Ngoja wajuzi waje. Nimekaa pale.

---

Mti Mkavu

Mleta uzi unawatetea bure. Mtoto wa miaka 14 ana simu yenye nyimbo zote za dunia nzima na hamjui Rihanna, halafu unaniambia eti mlango. Huo ni uvivu.

Sisi tulikuwa tunakaa na redio, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, unasubiri saa nzima wimbo mmoja. Unaanza, unabonyeza, na mtangazaji naye hakosi kuongea juu ya mwisho wa wimbo. Mpaka leo kuna nyimbo nikizisikia zikiwa safi naona kuna mtu amekosekana mwishoni. Ndiyo maana tuliwajua wasanii. Tulilipa kwa kusubiri. Hawa wanasikiliza sekunde kumi na tano, kipande kikiisha na mapenzi yameisha. Wanajua vipande, wimbo hawaujui, sembuse mwimbaji.

---

BintiWaMwisho

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 19, nadhani ndiye ninayesemwa humu.

Mti Mkavu, nakusikia, lakini jaribu kuona tunavyoona sisi. Kwenye simu yangu kila wimbo ni kijipicha cha mraba. Wa 1985 mraba, wa juzi mraba, ukubwa uleule. Hakuna anayeniambia huu ni wa heshima, simama kidogo. Ninyi mlipokea nyimbo zikiwa na tarehe zake: ulitoka mwaka ule, nilikuwa darasa lile, fulani alikuwa hai. Mimi napokea wimbo mtupu. Nikiupenda ndiyo naanza kutafuta wa nani, na mara nyingine nakuta mwenyewe alishafariki. Whitney Houston nilimpenda wiki moja nzima kabla sijajua kwamba alifariki 2012. Nililia peke yangu miaka kumi baada ya msiba kuisha, sina hata wa kumpa pole.

Na kuhusu vipande, ni kweli, sikatai. Nitatoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Mwisho wa 2022 watu walikuwa wanaiga densi ya yule msichana wa kwenye tamthilia ya Wednesday, wimbo uliowekwa chini ya video ni wa Lady Gaga wa mwaka 2011. Ndani ya tamthilia yenyewe densi ile ilichezwa kwa wimbo mwingine kabisa, wa bendi nyingine, mashabiki ndio wakambandika Gaga. Tena wakauongeza kasi mpaka sauti ikawa nyembamba kama ya katuni. Mimi niliijua hiyo tu. Siku niliyosikia wimbo wenyewe, kwa kasi yake ya kawaida, nilidhani spika inaisha chaji.

Ila sikiliza kilichofuata. Gaga mwenyewe akacheza ile densi akapandisha video. Hakutuambia tumekosea. Baada ya hapo niliisikiliza ile albamu yote, nikarudi ya 2008, nikaja mpaka mwisho. Niliingia kwa mlango wa uani kama anavyosema mleta uzi, lakini nilifika sebuleni.

---

Mti Mkavu

Spika inaisha chaji. Haya bwana.

---

Dijei Mstaafu

Nimepiga muziki kwenye shughuli za watu zaidi ya miaka ishirini, sasa nimepunguza, magoti. Naomba niseme nilichokiona kwa macho.

Kuna ngoma ya Sophie Ellis-Bextor, ya 2001, inayotaja mauaji ukumbini. Enzi zake niliipiga mpaka nikaichukia. Ikapoa, nikaiweka kwenye lile fungu la "wakiomba tu", na hakuna aliyeomba kwa miaka mingi. Mwisho wa 2023 ikatumika mwishoni mwa filamu moja. Januari 2024 vijana wananijia mezani mmoja baada ya mwingine, wananiandikia kwenye simu, maana jina la mwimbaji hawawezi kulitamka. Uingereza ikarudi namba mbili, palepale ilipofika mara ya kwanza. Marekani ndiyo kabisa, haijawahi kugusa Hot 100 tangu itoke, ikaingia mwaka huo.

Sasa cha kuangalia ni ukumbi. Nikiipiga, watu wa umri wangu wanainuka kwenye zile sekunde tano za kwanza, kabla hata hajaimba. Wanasikia mwanzo na mwili unakumbuka. Vijana wamesimama tu, wameshika glasi, wengine wanaongea. Kinafika kile kipande cha kwenye filamu, ukumbi mzima upande ule unaruka kwa pamoja kama umepigwa shoti. Kipande kikipita wanapoa tena, wenzangu bado wanaendelea mpaka mwisho. Wimbo mmoja, dakika tatu na ushee, sherehe mbili tofauti ndani ya chumba kimoja.

Nilichojifunza: usiukate. Wapigaji wapya wanacheza kipande tu halafu wanabadilisha. Mimi nauacha uishe. Mara ya pili usiku uleule nikiurudia, vijana nao wanaanza kuinuka mapema kidogo. Mara ya tatu sijawahi kufika, ningepigwa.

---

Nusu Noti

Niko karibu na biashara ya muziki, siwezi kusema zaidi. Mnaongea milango kama vile inafunguliwa na upepo. Kuna watu wana funguo.

Kwanza idadi. Kwa Marekani, nyimbo zilizozidi umri wa miezi 18 ndizo zinazochukua zaidi ya asilimia 70 ya usikilizaji wote. Mpya zote kwa ujumla wake, pamoja na kelele zote, zinagawana kilichobaki. Wawekezaji wameliona hilo zamani. Desemba 2021 Bruce Springsteen aliuza kazi zake zote kwa Sony, vyombo vya habari vikaripoti kiasi cha dola milioni 500 hivi. Mtu akishatoa hela kama hiyo unadhani atakaa asubiri watoto wazikumbuke nyimbo kwa hiari yao? Atatafuta filamu, tamthilia, tangazo la gari, msanii kijana wa kusampo kibwagizo, yaani kukichukua na kukitia kwenye wimbo wake, dijei wa kufanya rimiksi.

Elton John 2021. Wakachukua mistari ya nyimbo zake kadhaa za zamani, wakazishona pamoja juu ya mdundo wa disko, wakamweka Dua Lipa aimbe naye. Ikawa namba moja Uingereza, ya kwanza kwake kwa miaka 16. Mzee alikuwa na miaka 74. Lile halikuwa bahati, ni fundi seremala amepima mlango kwa rula.

Pili, sekunde 30. Spotify wanahesabu umesikiliza wimbo ukifika sekunde ya 30. Ndiyo maana nyimbo za sasa zinaanza na kiitikio au karibu yake, na ndiyo maana mtoto aliyezoea hizo akikutana na wimbo wa zamani wenye dakika nzima ya kinanda kabla ya neno la kwanza anadhani simu imeganda. Ugomvi wake na msanii haupo. Sikio lake limefundishwa haraka nyingine.

---

Shangazi Mkali

Mnaongea wimbo, wimbo. Hakuna aliyegusa sura?

Madonna. Nyie wote humu mnamjua. Albamu ya kwanza 1983. Februari 2023 alipanda jukwaani kwenye tuzo za muziki za Grammy kutambulisha wasanii wenzake, kesho yake mtandao mzima ni uso wake. Amejifanya nini, amevimba, amekuwaje. Mwenyewe akajibu kwamba kakutana tena na chuki ya umri na ya wanawake. Ningetegemea kelele zile zitoke kwa wazee wenzangu waliomjua akiwa msichana. La, nilisoma komenti, nyingi za vijana, na mtoto mmoja kaandika "huyu bibi ni nani na kwa nini yuko hapo". Bibi! Mick Jagger ni wa 1943, mwaka huohuo 2023 katoa albamu na wenzake, watu wanamsifia nguvu. Yeye haitwi babu.

Na tazama ajabu yake. Mei 2024 bibi huyo alimaliza ziara kwenye ufukwe wa Copacabana kule Rio, bure, watu wakakadiriwa milioni 1.6. Kwa hiyo kuna dunia mbili: moja inamjua kwa uso uliopita kwenye simu, nyingine inasimama mchangani usiku kucha.

Lakini nisiwe mnafiki. Kuna mahali watoto hawa wametuzidi utu, na ni kwa Britney Spears. Mwaka 2007 aliponyoa kichwa nilicheka. Nilikuwa na ile picha kwenye simu yangu ya kubonyeza, nikawaonyesha wenzangu kazini, tukacheka pamoja. Mwaka uliofuata akawekwa chini ya usimamizi wa kisheria, hana amri ya fedha zake wala ya mwili wake, miaka 13, mpaka Novemba 2021. Binti yangu hakuyaona ya 2007 yakitokea. Yeye alianza na kesi. Alimkuta Britney mahakamani akidai maisha yake, ndipo akarudi nyuma kutazama video zetu za kucheka. Akaniuliza, "Mama, nyie mlikuwa mnacheka nini hapa?" Nilikosa jibu, nikaenda jikoni kufanya kazi ambayo haikuwepo.

Janet Jackson vilevile. Nguo yake ilichanwa jukwaani kwenye Super Bowl ya 2004, nasi tulikubali kirahisi kwamba kosa ni lake, la mwanamke. Aliyeichana, Justin Timberlake, mpenzi wa zamani wa Britney, akaendelea na maisha, akaja kuomba radhi 2021, kwa Janet na kwa Britney kwa pamoja. Nani walimbana mpaka akaomba? Kwa sehemu kubwa ni hawa ambao 2004 walikuwa hawajui hata kutembea.

---

Kanda Mbovu

Shangazi, hiyo ya jikoni imenigusa. Hapo sasa ndipo hoja yangu inapata mguu wa pili: mlango wa nyuma wakati mwingine unaonyesha uchafu ambao wa mbele tuliufunika zulia.

---

Mti Mkavu

Sawa, nakubali ya Britney. Lakini Beyoncé je? Kuna kijana kazini ananiambia Beyoncé "hamgusi". Hana tatizo naye, hamchukii, ila nyimbo zake hazimgusi moyo tu. Nilitaka kurudi nyumbani.

---

BintiWaMwisho

Hilo nalielewa na nitajaribu kulieleza, msinipige.

Ninyi mlimwona Beyoncé akipanda. Mlimkuta kwenye kundi la wasichana, akatoka, mkawa na wasiwasi atamudu peke yake au la, 2003 akamudu, mkashangilia kama mlimsaidia kubeba. Mimi nilipofungua macho alishakuwa mlima. Mlima unauheshimu, unaupiga picha, hauupendi kama rafiki. Hajawahi kuwa mpya kwangu, hajawahi kuwa na mashaka, sijawahi kumwonea huruma. Mtu unampenda ukimwona anahangaika. Ndiyo maana wenzangu wengi wanamng'ang'ania msanii mdogo aliyeanza kwa kurekodi chumbani, hata kama sauti yake ni ya mbuni. Yule wanamwona anapanda.

Taylor Swift ana ujanja wake. Kwa vile kazi zake za mwanzo ziliuzwa kwa watu asiowataka, akazirekodi upya na kuanza kuzitoa 2021. Mdogo wangu ana miaka 12, anajua matoleo mapya tu. Nikimwekea ya zamani ananikaripia, "Zima, hiyo ya wizi." Nikamweleza kwamba mwaka 2025 alishazinunua za zamani, sasa zote ni zake. Hataki kusikia. Lakini fikirieni: kwenye albamu ile ya 2008 alikuwa binti wa miaka 18 anaimba kuhusu shule. Kwenye marudio ana 31, anaimba maneno yaleyale. Mdogo wangu hajawahi kusikia sauti ya binti yule. Anachojua ni mwanamke mzima anayekumbuka, na anadhani ndivyo wimbo ulivyozaliwa.

Na kuna wale ambao mlango wao wa mwisho uliwachomea nyumba. Katy Perry. Nasikia albamu yake ya 2010 ilitoa namba moja tano kwenye Hot 100, kitu ambacho kabla yake alikifanya Michael Jackson peke yake. Darasani kwetu anajulikana kwa zile dakika 11 alizopaa na roketi kwenda anga za juu, Aprili 2025. Ukitaja jina lake watu wanaiga anavyobusu ardhi baada ya kushuka. Ndiyo hiyo tu. Namba moja tano hazijasaidia kitu.

---

Nusu Noti

Hapo kwenye mlima umeongea kitu, nakazia. Kampuni zinahangaika sana na hilo, namna ya kumfanya mkongwe aonekane anahangaika kidogo. Ndiyo maana kila mmoja sasa ana filamu ya maisha yake inayoonyesha analia kwenye gari.

Wenye akili tofauti ni ABBA. Waliacha kufanya kazi pamoja 1982. Mei 2022 wakafungua onyesho London, jukwaani hawapo wao, zipo picha zao za kidijitali zenye sura zao za miaka ya 70. Walivaa nguo maalumu za kunasa mijongeo, kamera 160 zikawarekodi wakiimba, halafu miili ya vijana ikatumika kwa ile michezo ambayo viuno vyao vimekataa. Wakaona kama kijana anataka kukutana nasi tulivyokuwa, basi tumtumie tulivyokuwa, sisi tubaki nyumbani.

---

Shangazi Mkali

Na wanaume wawili na wanawake wawili wakaepuka komenti za uso. Hongera zao.

---

BintiWaMwisho

Nina swali moja kwa wakubwa halafu nalala. Mnaongea kama vile ninyi kila msanii mlimkuta siku ya kwanza. Elton John ametajwa hapo juu. Alianza miaka ya 60 mwishoni. Mleta uzi, wewe hukuwepo. Ulimjuaje?

---

Kanda Mbovu

Umenishika pabaya. Nitajibu kwa ukweli.

Septemba 1997, nina miaka 12. Televisheni imewashwa, mazishi ya Princess Diana wa Uingereza, nyumba nzima kimya. Kanisani pale London akakaa mtu mwenye miwani kwenye piano, akaimba. Nikamwuliza baba, "Huyu mpiga kinanda wa kanisa lao anaitwa nani? Anajua kuimba."

Baba aligeuka akanitazama vilevile nilivyomtazama mpwa wangu juzi. Uleule mtazamo, sasa ndiyo naujua ulikuwa na nini ndani. Hakusema kitu mpaka wimbo ulipoisha. Akaenda kabatini, akarudi na santuri, albamu yenye sahani mbili ya 1973. Kwenye jalada kijana amechorwa anaingia ndani ya bango la ukutani lenye barabara ya njano, viatu vyake vina soli nene kama matofali. "Mpiga kinanda wa kanisa ni huyu," akasema. Akaweka sahani, akapeleka sindano taratibu mpaka kwenye wimbo wenyewe.

Nikakasirika. Nilimwambia baba wamekosea maneno. Maana mimi nilishaupokea kuwa wimbo wa Diana, na huyu wa kwenye sahani anamwita Norma Jean. Baba akanieleza ni jina la kuzaliwa la Marilyn Monroe, yule mwigizaji wa Marekani, kwamba wimbo uliandikwa kwa ajili yake, yule wa London ndiye aliyebadilishiwa maneno. Sikukubali. Lile toleo la mazishi liliuza nakala milioni 33, nilikuwa na dunia nzima upande wangu.

Kwa hiyo hesabu ya nyumba yetu ni hii: baba kwa Elton wa viatu, mimi kwa Elton wa msibani, mpwa wangu kwa Elton wa Dua Lipa. Na mimi ndiye niliyefungua uzi wa kushangaa.

---

Dijei Mstaafu

"Wamekosea maneno." Sina mbavu.

---

Kimya Kingi

Mti Mkavu mbona kimya? Wewe uliyelipa kwa kusubiri, huna yako?

---

Mti Mkavu

Ninayo.

Mwaka 1998 ule wimbo wa Cher ulipotoka, ule ambao sauti inakatikakatika kama mashine, niliurekodi redioni kwa kanda mpya. Kwenye karatasi ya kasha nikaandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa: "CHER, MSANII MPYA, TUMWANGALIE."

Alikuwa na miaka 52. Namba moja yake ya kwanza, na yule mumewe, ni ya 1965.

Kanda bado ninayo. Mtangazaji anaongea mwishoni.